Kamera ya Mninga

Miaka ile magari ya mitumba yalipoanza kumiminika kutoka Japani kama kumbikumbi, taa za kuongozea magari pale makutano ya Keko ziligeuka pambo. Nyekundu ikiwaka, dereva anapiga honi, anapita zake. Ndipo sajenti wa trafiki, Leonardi, alipomwendea Suleiman, seremala mwenye karakana mkabala na taa.

"Fundi, nichongee kamera."

"Kamera inachongwa, afande?"

"Sanduku tu. Mbele weka kioo. Mengine niachie mie na mdomo wangu."

Suleiman akaunga masalia ya mbao za mninga za kitanda cha mteja, akapaka rangi nyeusi, akapachika kitako cha chupa ya soda. Alfajiri wakalipigilia juu ya nguzo ya taa. Kulipokucha sajenti akatangaza: kamera hiyo, inapiga picha namba ya kila gari linalovunja nyekundu. Wallahi, madereva walinywea! Hata wababe wa malori walisimama, wakichungulia juu kama watu wanaoogopa mvua. Suleiman akacheka peke yake, siri akaifungia kifuani.

Aliyefurahi kupita wote ni Hija, msukuma mkokoteni aliyewapelekea wateja wa Suleiman vitanda vyao.

"Siku hizi sitazami huku wala huku, fundi. Nyekundu yao ikiwaka, mie naingia."

"Tazama tu, bwana."

"Nitazame nini? Si wanatazamwa wao!"

Suleiman alitaka kumwambia. Badala yake akarudia kupiga randa.

Wiki haikuisha. Hija aliingia barabarani na kabati la bibi harusi, na gari jeupe, la mgeni asiye na habari za kamera, likapita kwenye nyekundu kama upepo. Halikusimama. Hija hakufika hospitali.

Mkewe alikaa eda ndani. Aliyetoka ni mama mzazi wa Hija, Bi Chausiku. Kila asubuhi alikwenda kituo cha polisi kuulizia picha ya gari lile, na akirudi alipumzika kwenye benchi la Suleiman.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo wamesema bado inasafishwa. Jana walisema dawa ya kusafishia imekwisha." Akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Fidia siitaki. Namtaka huyo mtu tu. Nimuulize, mwanangu ulimwona?"

Suleiman alivumilia maneno hayo asubuhi baada ya asubuhi. Siku moja, jua la utosi, alimwacha mama kwenye benchi, akachukua ngazi na nyundo, akapanda nguzo.

"Fundi, umerogwa? Shuka!" Sajenti alikuja mbio, kofia mkononi.

Hakushuka mpaka alipoling'oa. Akampelekea Bi Chausiku sanduku, akalifungua mbele yake. Ndani mlikuwa na kiota cha nyigu, basi.

"Hakuna picha, mama. Haikuwapo. Nilichonga mwenyewe."

Bi Chausiku akatia mkono, akapapasa pembe zote, kama mtu anayetafuta ukoko kwenye sufuria.

"Hija alijua?"

"Hakujua."

"Na wewe hukumwambia."

"Sikumwambia, mama."

Barabarani utingo wa lori akachomoza kichwa. "Kumbe mbao! Nyie, tulikuwa tunaogopa kabati!" Lori likaondoka kwenye nyekundu, magari mengine yakalifuata. Watoto wa shule waliokwisha kutia mguu barabarani wakaruka nyuma wakipiga kelele.

Bi Chausiku akawatazama wale watoto. Akamsukumia Suleiman sanduku kifuani.

"Lirudishe."

"Mama, wameshaona."

"Nimekwambia lirudishe! Na kwenye benchi lako hutaniona tena."

Suleiman akapanda tena nguzo. Akawa anapigilia misumari huku malori yakipita kwenye nyekundu chini ya miguu yake, madereva wakimpungia mkono na kumwita mpiga picha. Alipomaliza akatazama chini. Bi Chausiku alikuwa bado amesimama ukingoni, hajapata pa kuvukia.