Mapera ya Mama Eduviges

Mama yangu, Eduviges, haamini kwamba tunda linaweza kuwa kosa. Nimemweleza mara mia: nina kadi ya kuvuka mpaka kwa njia ya haraka, na sisi wenye kadi tunaaminiwa hadi siku ya kosa la kwanza. Wakikukamata na pera bichi ambalo hukulitaja, kadi huna. Bila kadi, kutoka Tijuana, kwetu Meksiko, hadi San Diego, Marekani, ni saa tatu za foleni kila alfajiri, na hospitali ninakofua mashuka haimsubiri mtu. Ningelazimika kuhamia ng'ambo na kumwacha mama peke yake, na miaka yake themanini na moja na goti lake bovu.

Yeye hujibu, "Mtu hatoki kwangu mikono mitupu. Kwani hao wa forodha hawana mama?"

Basi kila asubuhi nalipekua gari langu mwenyewe kama mwizi. Mwezi uliopita nilikuwa tayari kwenye foleni nilipokuta pera ndani ya kiatu cha kazi. Nikalila palepale, mbegu na yote, machozi ya hasira yakinitoka. Jioni nikamwambia neno ambalo sikupaswa kulisema: "Ukiendelea hivi, mama, nitahama."

Alitoka akaenda kuumwagilia mpera wake.

Tangu siku hiyo sikukuta tunda. Nilidhani amenielewa, na kusema kweli nilikosa raha.

Jumanne hii ofisa aliitazama kadi yangu, kisha akanielekeza pembeni kwa ukaguzi. Huko nikampata ofisa mwingine, mwanamume mnene mwenye masharubu.

"Umebeba chakula chochote?"

"Sina hakika," nikasema. "Ninaishi na mama."

Hakucheka. "Wangu yuko Mexicali. Yeye huficha kwenye soksi."

Akainama, akapapasa chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo kwa uvivu wangu sikufika asubuhi ile. Akatoa furushi la kitambaa cha jikoni. Akilini nilimwona mama akibaki peke yake na mpera wake.

Ofisa akafungua. Ndani mlikuwa na kipande kigumu chekundu, kimeganda, kinanukia sukari.

"Mapera haya yamepikwa," akasema. "Yaliyopikwa yanapita."

Palikuwa na karatasi pia. Mama alisoma miaka miwili tu, na herufi zake hulala upande. *Nimeuliza kwa majirani. Yakipikwa hayana kosa. Nimeyapika yote ya mti. Usihame.*

Ofisa aliisoma, akaikunja taratibu, akanirudishia.

"Nenda, dada. Utachelewa."

Jioni nilimkuta mama amekaa jikoni, vidole viwili vimefungwa kitambaa kwa kuungua na sukari.

"Walikusumbua?" akauliza.

"Hapana."

"Ulikula?"

"Nilikula, mama. Nilikula yote."

Akaninyooshea mguu wenye goti bovu, nami nikakaa sakafuni nikaanza kumkanda.