Sinia la Waliopona

Katika matanga yote niliyowahi kwenda, sijala na mtu. Wanawake wa Msambweni wakizunguka sinia, mimi huletewa sahani yangu pembeni mwa mkeka, na aliyeileta huvuta mkono upesi. Eti mimi ni wa kambini. Bibi yangu aliletwa kambini na ukoma, akatibiwa, akapona, akafa kabla sijazaliwa. Kambi yenyewe imebaki nyumba chache na sifa mbaya.

Mwaka jana binamu yangu Luqman, mhudumu wa hoteli huko Diani, alisimamisha kibao barabarani: "Kijiji cha Waliopona." Akasema tusingoje tena watu watupe jina. Vijana walishangilia. Mimi nilinuna tu. Kibao hakikai mkekani kula nawe.

Mama alipofariki, niliapa kwamba hitima yake italiwa kwa sinia. Nikapika wali wa nazi na samaki, nikapakua, nikatandika mikeka uani. Wageni wa Msambweni waliomba dua vizuri sana, kisha wakakumbuka viatu vyao.

"Tumeshiba, Mbeyu. Mungu akupe subira."

Wameshiba nini, na jua liko utosini?

Tukabaki sisi wa kambini. Nikaketi kwenye sinia, nikangoja. Shangazi Ummi akatoa sahani chini ya leso yake. Wengine nao wakatoa zao. Kila mmoja alikuja na yake kutoka nyumbani, kama tulivyofunzwa tangu enzi za bibi.

"Hata nyinyi?" nilifoka. "Kumbe tumepona kibaoni tu?"

"Ni mazoea, mwanangu," akasema shangazi. "Hata mamako hakuwahi..."

Sahani ya mama ilikuwa bado dirishani, kando ya yangu. Tuliishi wawili, nyumba moja, jiko moja, na sikumbuki hata siku moja mikono yetu kuingia chombo kimoja. Wala sikuwahi kuona ajabu. Nililia kwa sauti, bila haya.

Shangazi akaiweka sahani yake chini, tupu. Akanawa, akaketi mbele yangu, akamega tonge. Nyuma yangu nikasikia sahani nyingine zikiwekwa chini. Nikamsogezea shangazi kipande cha samaki, kama mwenyeji afanyavyo, na vidole vyetu vikagusana ndani ya wali.

Vyake vilikuwa na joto. Laiti vingekuwa vya mama.