Jino Lililotupwa Juu ya Banda la Baiskeli

Bibi Veneranda alipanda ndege kuja Hagsätra, ughaibuni, kumlea mjukuu, si kumharibia mdomo. Lakini wiki ya pili tu, akavuruga.

Stellah, mjukuu wa miaka saba, alikuwa ameng'olewa gego la utoto lililooza kwa peremende. Daktari akamtengenezea kidude cha plastiki na waya, chenye kijino cha bandia, kishike nafasi mpaka jino la ukubwani liote. Hayo Bibi hakuambiwa. Basi mtoto alipomtilia kidude kile kiganjani na kusema, "Bibi, jino limetoka," Bibi alifurahi kweli kweli. Na ule waya? Aa, Wazungu na mambo yao! Wakashuka uani, Bibi akakirusha juu ya banda la baiskeli, kama walivyofanya kwao Muleba tangu enzi.

"Chukua bovu, lete jipya!"

Kunguru akatua, akakidonoa, huyoo, akaenda nacho.

"Mama!" Evodius, mwanawe Bibi na baba wa Stellah, alishika kichwa aliposikia. "Kile ni kifaa cha daktari!"

Kesho yake walikuwa kliniki. Daktari akasema atatengeneza kingine, ila kisipovaliwa, meno ya jirani yatasogea na jino jipya litakosa pa kuotea. Akasogeza udongo wa kuchukulia umbo la meno.

"Nej! Sitaki!" Stellah akafumba mdomo. Alifumbua mara moja tu, akilia, kusema kwamba shuleni wanamcheka, na kile cha kwanza alikitoa makusudi. Evodius akabembeleza, akatisha, akaahidi sinema. Wapi!

Kumbe mtoto kamzunguka bibi yake! Hata hivyo Bibi hakukasirika; roho ilimuuma. Mjukuu wake akue na meno yaliyopandana, na mkono uliotupa ni wake? Akamtazama Evodius, mwanawe wa miaka arobaini asiyewahi kujua. Liwalo na liwe. Akaingiza vidole kinywani, akatoa meno yake manne ya mbele, plastiki na waya vilevile, akamwonyesha Stellah.

"Na mimi navaa," alisema, na nusu ya maneno ikatoka upepo mtupu.

Stellah akakodoa macho, kisha akaangua kicheko, mdomo wazi mpaka kwenye kimio.

"Evodius," Bibi alisema, "ukimaliza kushangaa, mwambie daktari afanye haraka kabla huyu hajafunga."