Dobi Asiyejua Huzuni

"Huwa nalala usingizi mzuri usiku kucha," alisoma yule dada wa maswali. "Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo," alijibu dobi.

Alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Shati lake alilipiga pasi mwenyewe, na lilikuwa limenyooka kuliko yeye. Maumivu yalianzia kiunoni, yakateremka mguu wa kushoto bila haraka, kama mgeni aliyekwisha kuizoea nyumba. Dobi akajikaza kisabuni. Miaka yote ya kubeba mashuka mabichi ya hoteli hadi kambani ilikuwa imemfundisha kufua na kunyamaza.

Daktari wa mifupa alikuwa amemwambia kwamba mgongo wake unaweza kupasuliwa, ila kwanza apite chumba cha maswali, maana mgongo hauji hospitali peke yake, huja na mwenyewe. Kwenye benchi la nje, wagonjwa wazoefu wakampa somo la bure. "Ukisema una huzuni, ndugu yangu, kisu hukioni. Watasema ugonjwa uko kichwani." Dobi akalishika neno hilo. Aliutaka upasuaji ule kwa moyo wote. Pale hotelini walikuwa wamemhamishia kwenye kukunja foronya, na vijana wa zamu walikuwa wakimcheka na kumwita mvivu. Akitoka na mshono mgongoni, nani atathubutu tena kumwita mvivu?

Basi mara ya kwanza alijibu kama malaika. Hakasiriki, hachoki, hana wivu, hajawahi kusema uongo hata mdogo. Dada alipomaliza kujumlisha, alimtazama kwa upole.

"Baba, wema huu hata mimi siuwezi. Daktari hawezi kuyatumia majibu haya. Tutarudia wiki ijayo, na uje na mtu wa nyumbani."

Ndiyo maana leo mkewe alikuwepo, ameketi karibu na dirisha, mkoba mapajani.

"Watu wa nyumbani wanaelewa maumivu yangu," dada aliendelea kusoma.

"Ndiyo."

"Siyo," alisema mkewe.

Dada akainua kalamu. "Mama, anayejibu ni yeye."

"Najua. Lakini huyo mtu wa nyumbani ndiye mimi, na mimi sielewi." Alizungumza bila hasira, kama anayehesabu nguo. "Kila asubuhi namuuliza, baba watoto, umeamkaje? Salama. Mgongo je? Haujambo. Halafu ndoo ya maji anaipita kama haioni. Ningejuaje? Nikawaambia dada zake kwamba kaka yenu amekuwa mvivu."

Dobi akageuka, kiwiliwili chote kwa pamoja, maana shingo na kiuno vilikuwa haviachani tena.

"Kumbe ni wewe uliyewaambia?"

"Ni mimi."

Neno hilo lilimuuma, tena mahali ambapo hapakuwa na mfupa. Alikuwa amewalaumu vijana wa zamu, msimamizi, hata majirani kwa kulieneza jina hilo la mvivu. Mkewe hakuwahi kumdhania. Nje, kitanda cha magurudumu kilipita kikilia kwa kukosa mafuta, kikapotea upande wa wodi.

"Nikisema ukweli," dobi alimuuliza dada, "upasuaji utakuwepo?"

"Sitakudanganya, baba. Daktari anaweza kuuahirisha. Labda atataka kwanza tukae na wewe, tuzungumze. Huenda hata asiufanye kabisa. Sijui."

"Na nikisema salama?"

"Utarudi nyumbani na salama yako."

Dobi akaitazama mikono yake, iliyochujuka kwa sabuni. Upasuaji ulikuwa karibu. Alikuwa ameshauota, pamoja na mshono na vijana wakishika adabu.

"Naomba nilale chini," alisema.

"Chini wapi?"

"Hapa sakafuni. Kukaa siwezi. Tangu nimeingia siwezi."

Dada akasogeza meza. Dobi akashuka kwa awamu: goti, kiganja, ubavu, na alipougeuza mgongo uguse sakafu, akatoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote. Haikuwa kubwa. Mkewe alisimama, mkoba ukaanguka, asiuokote. Shati jeupe likalala kwenye vumbi.

"Hata nyumbani huwa unalala hivi?" aliuliza mkewe.

"Nakusubiri ulale kwanza. Kisha nashuka."

Mkewe alipiga magoti, akavua mtandio wake, akaukunja, akauviringisha, akaupeleka kichwani kwa mumewe.

"Siyo kichwani," alisema dobi, macho darini. "Weka chini ya magoti."

Akaweka.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

Dada wa maswali alikuwa ameiacha kalamu mezani.

"Hapo," alisema dobi.