Jasho la Mama Mdogo

Sisimizi alichomoa pini kwenye nywele, akaziweka pamoja na funguo zake kwenye bakuli nje ya mlango, kwa sababu sumaku ya chumba kile ilikuwa na uchu wa chuma. Ndani kulikuwa na baridi nzuri. Mashine yenye sumaku hiyo ilikuwa pipa refu jeupe, na kazi yake ilikuwa kugonga kwa mawimbi kaboni iliyomo ndani ya dawa, kisha kuisikiliza inavyoitika mpaka itulie. Sharti lilikuwa moja: usigonge tena kabla haijatulia, la sivyo utapata jibu la uongo.

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na chumba cha tanuri, alikofanya kazi mama yake mdogo, aliyemlea. Huko dawa zilizibwa ndani ya mirija ya kioo, zikapikwa kwa joto kali. Hakikuongezwa kitu, hakikutolewa kitu, ila zilitoka zimejipanga upya, zimekuwa dawa nyingine. Kiyoyozi kilikuwa kimoja tu, cha mashine.

Basi Mama Mdogo naye akaanza kujipanga upya. Kwanza nyusi zilibadilishana pande. Kisha kidole gumba cha kulia kikahamia mkono wa kushoto, akajifunza upya kushika kikombe. Halafu sauti ikahamia kiganjani. Ukitaka kumsikia, sharti afungue mkono.

"Usininunie, mwanangu," kiganja kilisema. "Sasa naweza kusengenya huku natafuna."

Siku nyingine Sisimizi angecheka. Lakini asubuhi ile Mama Mdogo alikuwa amemuuliza, kwa upole kabisa, yeye ni mtoto wa nani. Kumbukumbu hazikupotea. Zilikuwa zimehamia mahali pengine mwilini, na wote wawili hawakujua ni wapi.

Sisimizi, ambaye akisema na Mkuu wa maabara hutazama viatu, alimfuata akamwomba ampumzishe Mama Mdogo. Mkuu alimpandisha Mama Mdogo kwenye mizani.

"Uzito ule ule," alisema. "Haya, niambie kilichopungua."

Sisimizi alikinga tone la jasho shingoni mwa Mama Mdogo, akalitia kwenye mrija, akaushusha ndani ya sumaku, akagonga mara moja.

Kaboni nyingine hutulia hujamaliza hata kupiga mwayo. Ile haikutulia. Mistari ilisimama kwenye kioo cha mashine, ikameta, na pipa zima likaanza kuimba kwa sauti ya zamani ya Mama Mdogo, ule wimbo aliombembelezea Sisimizi alipokuwa na homa. Wapishi wa dawa waliingia mmoja mmoja, wakiacha saa zao kwenye bakuli, wakasimama bila kunong'ona. Aliyebanwa na kikohozi alitoka kukohoa nje.

Mama Mdogo alisikiliza akiwa mlangoni. Taratibu akafungua mkono.

"Huyu namjua," kiganja kilisema, kikimwelekea Sisimizi. "Wangu huyu. Alikuwa akitema dawa nikigeuka."

"Mkuu," Sisimizi alisema, safari hii akimtazama usoni, "bado haijatulia."

"Naona." Mkuu alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mbele ya mgonjwa. "Asiiguse mtu. Sharti ni sharti. Ipewe muda wake wote, hata ikichukua mwaka. Na mlango ufungwe, baridi isitoke."

Kisha akamgeukia Mama Mdogo. "Mirija inakungoja."

Mama Mdogo alikunja kiganja, akarudi kwenye tanuri. Ng'ambo ya ukuta, kwenye baridi, tone la jasho lake likaendelea kusubiriwa litulie.