Elfu Moja na Tisa

Mwalimu Wilfred alimrudisha mwanangu nyumbani kwa sababu ya hesabu. Ndivyo alivyosema, na mpaka leo nikikumbuka naumwa kichwa.

Watoto wa shule za huku milimani walikuwa wakifanya mazoezi ya halaiki ya sherehe za wilaya, uwanjani Mbinga mjini. Edina wangu alichaguliwa. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo, lakini alicheza jikoni, alicheza njiani kwenda mtoni, mpaka nikamwambia aiache miguu ipumzike. Halafu siku moja akanikuta shambani nachuma kahawa, sare imekunjwa mkononi, macho mekundu.

"Mama, nimezidi," akasema.

Nilipanda bodaboda na vumbi langu la shambani, mpaka uwanjani kwa Mwalimu.

"Shikamoo, mama," akasema Mwalimu. Sikuitikia.

Akanieleza polepole, kama mtu anayefundisha darasa la kwanza. Watoto walikuwa 1,009. "Hiyo ni namba tasa, mama. Haigawanyiki kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa chochote ila moja na yenyewe. Sipati safu zilizo sawa. Nikitoa mmoja, nabaki na elfu moja na nane, na hiyo inagawanyika vizuri mno: safu ishirini na nane, kila safu watoto thelathini na sita."

"Sawa. Namba imesema atoke mmoja. Imesema atoke Edina?"

Akakohoa.

"Basi huyo mmoja asimame mbele peke yake, ashike bendera."

"Mbele, mama? Si ndipo mgeni rasmi atakapoangalia kwanza?"

Kumbe! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Angenitajia mguu tangu mwanzo, ningemtukana nikaenda zangu. Lakini kujificha nyuma ya hesabu, ili nikibisha nionekane sijasoma! Namba haikuwa na kosa lolote. Ilisema mmoja anabaki. Jina alilitia yeye.

Asubuhi ya sherehe bodaboda ikasimama mlangoni kwetu. Mtoto mmoja wa shule ya Kitura ameamka na homa, dereva akasema, wamebaki 1,007, na namba hiyo inakubali tu kumi na tisa mara hamsini na tatu, mpango ambao hakuna aliyeufanyia mazoezi. Mwalimu anamwomba Edina aje upesi.

"Mwambie aje kumwomba mwenyewe, kwa magoti!" nikafoka.

Nilipogeuka, Edina alikuwa ameshavaa sare, anafunga kamba za viatu. Kumbe hakuacha kufanya mazoezi hata baada ya kufukuzwa. Ningefanya nini? Nikapanda naye.

Mwalimu alimpachika katikati kabisa, asionekane. Safu zikageuka, zikafunguka, zikafungana bila pengo, na uwanja mzima ukashangilia. Mimi nilimwona yeye tu, kichwa chake kikizama kidogo kila hatua. Hakukosea hata mara moja. Nililia, na yalikuwa machozi ya hasira.

Baadaye Mwalimu akanijia amenyoosha mkono, anacheka. "Asante sana, mama. Bila yeye tungeaibika."

Sikuupokea mkono.

"Mwakani, Mwalimu, ukianza kuhesabu, wa kwanza awe Edina. Huyo wa elfu moja na tisa kamtafute nyumbani kwako, halafu umweleze mama yake hiyo hesabu."