Mhudumu Aliyebaki na Nyumba

Jumanne moja ya Februari 2015, saa kumi na moja jioni, Sipriani alirudi nyumbani, mtaa wa Black Rock, kutoka kazini ghalani, akavua buti zilizojaa theluji, akamkuta Krispulo akimpigia mkewe Fides pasi sare ya kazi. Krispulo alikufa maji mwaka 1943.

Mzimu wake ulikuja na nyumba waliyopanga, sawa na mapazia. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa ofisa wa manowari, na Krispulo, baharia wa Kifilipino, alikuwa mhudumu wake wa meza. Ofisa alipofariki, hakuna aliyekumbuka kumwambia mhudumu apumzike.

Fides, aliyeshinda kitongoji cha Kenmore akihudumia wazee, hakuona tatizo.

"Baba Spés, hebu tazama kola hii," alisema. "Wewe miaka kumi na miwili ya ndoa hujui hata pasi inakaa wapi."

Sipriani aliona wivu. Maiti hapigwi, basi akamfuata Krispulo jikoni amfukuze kwa maneno.

"Vita vilikwisha zamani."

"Nimesikia, bwana. Nasubiri jibu. Niliomba kuhamia kwa wapiga mizinga. Walisema sisi Wafilipino kazi yetu ni meza ya maofisa, lakini barua niliandika."

Hapo Sipriani akapata upenyo. Jumapili baada ya misa aliliandika upya lile ombi kwa Kiingereza chake cha kambi ya wakimbizi, akamsifu Krispulo kuliko alivyowahi kumsifu mtu yeyote. Ahamishwe, mbali, tena upesi. Akalituma kwa jeshi la wanamaji.

Jibu lilifika Machi, pamoja na bili ya gesi. Fides alilisoma kwa sauti: mizinga ina watu wake, Krispulo aendelee mezani.

"Asante, mama," alisema Krispulo, akaenda kutazama wali.

Fides alilia hadi kamasi zikamtoka. Sipriani akamkodolea macho. Kule kambini Mtabila yeye alikuwa fundi wa magari. Mwaka uliopita aliomba kuendesha mashine ghalani, akaambiwa watu wa kwao ni wa kubeba maboksi. Siku hiyo Fides alimwambia avumilie tu, akageukia ukutani akalala. Kwa ajili yake Fides hakutoa hata chozi moja, na jambo hilo lilimuuma Sipriani.

Chakula kilipoiva, Fides alivuta kiti cha tatu.

"Keti, kaka, ule na sisi."

Krispulo alibaki amesimama nyuma ya Sipriani, kitambaa mkononi, kama alivyofundishwa. Sipriani akaonja mchuzi. Ulikuwa umekolea vizuri kabisa.

"Chumvi," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, bwana," akajibu Krispulo, akaenda kuileta.